Wekundu wa Nyanya na Kimya cha Muuzaji



Wahariri wa jarida letu waliniomba niandike juu ya maisha ya masomo ughaibuni. Bila shaka walitarajia habari za baridi, za upweke na za kutafuta nyama ya halali. Hayo wameyaandika wengine, na vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Nimerudi kutoka Uholanzi na swali moja, nalo lilianzia kwenye nyanya. Mtakaocheka, chekeni, hata mimi nilicheka mwanzoni. Swali ni hili: mtu anaweza kudanganya kwa kunyamaza? Ikiwa sikutamka uongo, sikuandika wala sikuapa, bali nilikiweka tu kitu mezani kikajieleza chenyewe kwa rangi yake, je, mimi ni mkweli?

Wanaotoka Buyenzi, au waliowahi kula huko, watanielewa haraka. Ndagala wakavu, kitunguu, mafuta ya mawese, na nyanya za kutosha. Nyanya ndiyo inayofanya mchuzi uwe mchuzi. Mama hapimi, anakata tu mpaka moyo wake utulie. Nilipoondoka Bujumbura alinifungia ndagala kilo mbili ndani ya nguo. Wiki ya pili nikiwa Wageningen, mji mdogo wa chuo kando ya mto Rhine, hamu ilinishika. Nikaenda supamaketi nikakuta nyanya zimepangwa kama shanga: zote nyekundu, zote za ukubwa mmoja, hakuna yenye ufa wala baka. Nikasema alhamdulillahi, wenzetu hawa wameendelea. Nikanunua kilo moja.

Mchuzi ulitoka wa waridi, mwepesi, maji yamejitenga na mafuta. Nikaongeza nyanya, maji yakaongezeka. Nilipoonja moja mbichi, ilikuwa kama kutafuna tango lililopakwa rangi. Nikaanza kulalamika, na nilipoanza sikunyamaza. Mwenzangu wa nyumbani, kijana wa Kiindonesia mpole sana, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanikumbusha kwa sauti ya chini lile tulilolisoma sote madrasa: kwamba Mtume (s.a.w.) hakukitia chakula ila hata siku moja. Akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Nikaona haya, nikala, nikashukuru.

Lakini usiku ule sikulala upesi. Nilikubali kwamba nimekosa adabu mbele ya riziki, ila neno lingine lilibaki halijajibiwa. Kukitia ila chakula ni jambo moja, na kuuliza kilichokisibu ni jingine. Aliyepewa zawadi ana haki ya kushukuru tu. Aliyenunua ana haki zaidi ya hiyo, na fiqhi yetu imejaza milango kwa milango ya haki hizo. Basi nikajiruhusu kuuliza.

Nilikuwa nasoma mambo ya maji ya umwagiliaji, kwa hiyo waalimu wa kuwauliza hawakuwa mbali, na mara mbili tulipelekwa Westland, eneo lililo kati ya The Hague na Rotterdam, kuona vitalu nyumba. Ndugu zangu, ni mabanda ya kioo mpaka macho yanachoka. Ndani yake mnyanya haugusi udongo kabisa. Mizizi imekaa ndani ya matofali ya sufi iliyotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa, na maji yenye chakula chake yanadondoka tone kwa tone kwa amri ya kompyuta. Hewa ya kaboni huongezwa ili majani yashibe. Nyuki wanene wenye manyoya huletwa kwenye maboksi ili watikise maua. Mita moja ya mraba inaweza kutoa zaidi ya kilo 50 kwa mwaka. Nilisimama pale nikiwa mtu wa umwagiliaji, na kwa haki nilistaajabu: kila tone lina hesabu yake, na maji yanayobaki hurudishwa na kutumika tena. Sitaki mtu asome makala hii akadhani nawacheka wakulima wale.

Sasa ladha ilikwenda wapi? Jibu si moja. Ladha ya nyanya ni sukari, ni uchachu, na ni harufu nyingi ndogo ndogo zinazopanda puani wakati unatafuna. Mmea uliochaguliwa kwa miaka mingi ili uzae sana, na tunda liwe gumu lisipondeke njiani, hugawa sukari ileile kwa matunda mengi zaidi. Kisha kuna friji. Nyanya ikikaa siku kadhaa kwenye baridi kali, ile kazi ya kutengeneza harufu inazimika, na hata ukiitoa harufu hairudi yote. (Tafadhalini, mlio na friji hosteli, zitoeni nyanya zenu humo.)

Lakini lililonigusa zaidi ni habari ya mabega. Nyanya za nyumbani, kabla hazijaiva, zina mabega ya kijani kilichokolea karibu na kikonyo, na zikiiva hubaki na mabaka kidogo pale juu. Katikati ya karne iliyopita wazalishaji wa mbegu walipenda nyanya zinazogeuka nyekundu kwa usawa, zisizo na mabega, kwa kuwa mkulima anajua vizuri wakati wa kuchuma na mnunuzi anapenda kuona uso mmoja. Wakachagua hizo, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2012 watafiti walionyesha katika jarida la Science kwamba jeni iliyoharibika ili kuleta wekundu ule wa usawa ndiyo iliyokuwa ikilisaidia tunda bichi kujitengenezea sehemu ya sukari yake. Kile kijani cha mabegani kilikuwa kiwanda kidogo. Walipofuta doa, walifuta na utamu kiasi, bila kujua. Hakuna aliyekusudia ubaya. Walitengeneza uso, na uso ukalipiwa kwa kilichokuwa ndani.

Wajerumani, ambao ndio wanunuzi wakubwa wa nyanya za Uholanzi, walifikia mahali katika miaka ya 1990 wakazibatiza jina: mabomu ya maji. Biashara ikayumba. Waholanzi, watu wa hesabu, hawakukasirika. Walibadilisha mbegu, wakaleta nyanya ndogo zenye sukari zaidi, na wakaanza kuuza nyanya zikiwa bado kwenye kikonyo chake, tano au sita pamoja. Ukipita karibu nazo dukani unasikia harufu ya shamba, na moyo unasema hizi ndizo zenyewe. Nami nilinunua hizo kwa bei kubwa kwa miezi mitatu. Siku moja nilizichambua mezani, nikanusa kikonyo peke yake, kisha tunda peke yake. Harufu yote ilikuwa kwenye kikonyo.

Hapo ndipo nilipokumbuka somo la buyuu. Imepokewa kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kufunga viwele vya ngamia na kondoo. Muuzaji alikuwa akimwacha mnyama siku mbili tatu bila kumkama, kiwele kikijaa, ili mnunuzi akimwona aseme huyu ana maziwa mengi. Aliyemnunua mnyama wa namna hiyo kisha akamkama ana hiari ya siku tatu, akitaka ambakize, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende. Wanazuoni wamejadiliana sana juu ya pishi ile, lakini tazameni tendo lenyewe. Muuzaji hakusema neno. Maziwa yaliyomo kweweleni ni maziwa kweli. Kiwele ndicho kilichosema, na kilisema zaidi ya kilichokuwepo.

Na kuna hadithi ya Anas bin Malik (r.a.) juu ya kukatazwa kuuza matunda mtini mpaka wema wake udhihiri, na alipoulizwa ni ipi dalili yake, ikatajwa kuwa yawe mekundu. Najua hukumu ile inahusu mtende na hofu ya tunda kuharibika kabla mnunuzi hajalipata. Sitaki kuivuta mpaka supamaketi, na walio wanafunzi wa sharia miongoni mwenu watanirudisha nikijaribu. Nilichobaki nacho ni kwamba wekundu ulitajwa pale kuwa ni alama. Watu walijua kuisoma. Tangu enzi na enzi, jicho la binadamu limekuwa likiuamini wekundu wa tunda, na pengine hata ndege ndivyo. Je, ni nani mwenye lawama pale alama inapobaki na maana yake inapoondoka?

Nilikuwa na jibu langu tayari, na lilikuwa jibu la mtu aliyekasirishwa na mchuzi. Nilisema: wao. Nilisema hivyo katika darasa zetu za Jumamosi, kwa ufasaha, nikitoa mfano wa kiwele, na ndugu wakatikisa vichwa.

Kisha nikapata bustani.

Uholanzi kuna desturi ya viwanja vidogo vya kukodi pembezoni mwa mji, kila familia na kipande chake, uzio mfupi na kibanda cha mbao. Mzee mmoja wa Kimorocco, mtu wa milima ya Rif aliyekwenda huko kijana kufanya kazi kiwandani, alikuwa na kipande kikubwa kuliko nguvu zake. Sote tulimwita Haji. Tulizungumza kwa Kiholanzi changu kibovu, Kifaransa chake kibovu, na Kiarabu cha madrasa ambacho kilimfanya acheke mpaka ashike mbavu. Alinipa matuta matatu kwa sharti moja: nisimwagie maji bila kumwuliza.

Nilipanda mbegu mwezi wa Machi kwenye vikopo vya maziwa ya mtindi dirishani. Nilitaka kuipeleka miche nje mwezi wa Aprili jua lilipotoka. Haji akanikataza mpaka katikati ya Mei, kwa sababu kabla ya hapo baridi ya usiku mmoja inaweza kuimaliza. Waholanzi wana siku zao wanazoziita za Watakatifu wa Barafu, tarehe 11 mpaka 15 Mei, na Haji, mtu wa swala tano, alizifuata kalenda hizo kuliko Waholanzi wenyewe. Tuliifunga miche kwenye vijiti. Kila wiki tuliondoa vichipukizi vinavyoota kwapani mwa majani ili mmea usipoteze nguvu. Na maji, ambayo ndiyo taaluma yangu, alininyima kabisa. "Weldi," alikuwa akisema, yaani mwanangu, "nyanya iliyoshiba maji haina la kusema."

Mwisho wa Julai ilikuja ya kwanza. Ilikuwa ndogo, imepinda, na mabega yake yalikuwa na kijani. Haji aliichuma, akaipangusa kwenye kanzu, akaipasua kwa vidole akanipa nusu. Ilikuwa na joto la jua ndani yake. Sijui niwaelezeje. Uchachu ulikuja kwanza mpaka taya zikabana, kisha utamu, kisha harufu ile ya jikoni kwetu asubuhi ya Idi wakati mama anakaanga na wageni hawajafika. Nilikaa chini kwenye nyasi. Haji aligeukia upande wa pili, akajifanya anakagua maharage yake, na nilimshukuru kwa hilo.

Tulizila wiki tatu. Nilizigawa hosteli nzima, nikaeleza kwa kila mtu habari za mabega ya kijani mpaka wakanikimbia. Katika wiki zile sifa zangu zilikwenda mbali: yule Mrundi mwenye nyanya za kweli. Kumbukeni sifa hizo, maana ndizo zilizoniponza.

Katikati ya Agosti ilinyesha siku nane. Tarehe ishirini na kitu niliona mabaka ya kahawia kwenye majani, na ukungu mweupe chini yake. Bakajani chelewa. Wakulima wetu wa mbogamboga wanaujua ugonjwa huu, ukiingia hausubiri. Haji alisema tuchume kila kitu kisichokuwa na doa siku ileile, tuchome mashina. Tulipata ndoo tano za nyanya, karibu zote za kijani, na nyingi hazikuwa zimekomaa hata kidogo.

Haji alichukua zake za kuweka kwenye chumvi. Zangu nilizitia ndani ya maboksi pamoja na ndizi mbivu, nikayasukuma chini ya kitanda. Mtajua sababu: ndizi inapoiva hutoa hewa ya ethilini, na hewa hiyo huyaamuru matunda mengine yafuate. Ndiyo gesi ileile wanayoitumia wenye maghala makubwa ulimwenguni. Tunda lililokomaa likiwa bado kijani huweza kuiva hivyo na likawa zuri kiasi. Ambalo halijakomaa hugeuka rangi tu. Baada ya siku kumi na mbili nilifungua maboksi nikakuta nyekundu tupu. Nikaonja moja. Tango lililopakwa rangi.

Ijumaa iliyofuata jumuiya yetu ilikuwa na meza ya kuchangisha fedha za futari za mwaka unaofuata. Kila mtu alileta kitu: sambusa, keki, kahawa. Mimi nilileta nyanya. Ndugu mmoja mwenye nia njema akaandika kwenye kipande cha karatasi: Nyanya za bustani, yuro 2 mfuko. Hakuandika uongo, zilitoka bustanini. Nikaiona karatasi ile, nikainyoosha isianguke.

Watu walipanga mstari. Nilikuwa nimejiandaa kwamba mtu akiniuliza nitamwambia ukweli wote, wallahi nilikuwa nimejiandaa. Hakuna aliyeuliza. Kwa nini aulize? Rangi ilionekana, na jina langu lilijulikana. Niliuza mifuko 17, yuro 34, na kila senti iliingia kwenye sanduku la futari.

Haji alikuja mwishoni. Alichukua moja, akaipasua kwa vidole kama kawaida yake, akatia nusu mdomoni. Alitafuna taratibu, akameza. Nusu ya pili aliiweka pembeni ya meza, juu ya karatasi ya kufutia mikono, kwa adabu kabisa. Hakukitia ila chakula. Aliuliza tu: "Chini ya kitanda?" Nikasema ndiyo. Akatazama ile karatasi ya bei, akatazama sanduku, akaniaga akaenda zake.

Ndugu zangu, hapo ndipo swali liliponigeukia. Kulikuwa na vimya viwili kwenye meza ile. Kimya cha Haji kilikuwa cha kuficha aibu ya mwingine na kuiheshimu riziki. Changu kilikuwa cha kuficha aibu ya bidhaa na kuyalinda majina yangu mawili, la mkulima na la mkweli. Kwa mtu wa mbali vyote viwili ni mtu aliyenyamaza mbele ya nyanya mbovu.

Nilijitetea usiku kucha, na nawapa utetezi wangu wote ili muupime. Kwanza, sikusema uongo. Hilo kiwele kilikwisha kulijibu. Pili, fedha hazikuwa zangu, zilikuwa za futari. Huu ndio utetezi ulionikaa muda mrefu, na ndio uliokuwa mbaya zaidi, kwa kuwa ulinifanya niwalishe waliofunga kwa kitu ambacho nisingekubali kulishwa mwenyewe. Tatu, kila mtu anafanya, supamaketi zinafanya, nami nilikuwa mdogo tu miongoni mwa wakubwa.

Ni huu wa tatu ulionifundisha nilichokuwa sijakiona. Nilikuwa nimewahukumu wauzaji wakubwa kwa miezi mingi, na sasa nilipojilinganisha nao nilikuta mimi ni mbaya kuliko wao. Mtu anayenunua nyanya supamaketi mwezi wa Januari, theluji iko nje, anajua anachonunua. Desturi ya mahali imekwisha kumwambia. Wekundu ule haumdanganyi tena kwa sababu ameacha kuuamini. Anataka kitu cha kupamba sahani. Lakini yule aliyesimama kwenye mstari wangu alikuja kwa sababu ya kuamini. Alitoka kwenye masoko ambako rangi haina maana, akaja mahali alipodhani maana yake imerudi. Boksi lilelile la nyanya ni biashara ya halali dukani na ni ghushi mezani pangu, na tofauti haimo kwenye nyanya hata kidogo. Imo katika kile ambacho mnunuzi ameachwa akiamini, na muuzaji anajua ameachwa akiamini.

Ndiyo maana siwezi kusema kwamba kunyamaza ni uongo, wala kwamba si uongo. Inategemea ni nani aliyekupa kimya hicho ukitunze, na alidhani kina nini ndani. Alipotia mkono Mtume (s.a.w.) ndani ya rundo la nafaka sokoni na vidole vikakuta unyevu, yule muuzaji alisema ni mvua, na huenda ilikuwa mvua kweli. Hakuulizwa kwa nini nafaka imelowa. Aliulizwa kwa nini ile iliyolowa haikuwekwa juu watu waione. Mvua haikuwa kosa lake, wala bakajani haukuwa wangu.

Ijumaa iliyofuata nilisimama baada ya swala nikaeleza. Ilikuwa dakika mbili, na magoti yalikuwa hayanisikii. Nikasema aliyenunua aje achukue yuro zake, nitazilipa mwenyewe na zile za sanduku zibaki. Wengi walicheka. Walisema acha bwana, ni nyanya tu. Wawili walichukua fedha zao bila maneno, na niliwaheshimu. Ndugu mmoja alisema hakuona tofauti yoyote na angependa mfuko mwingine. Huyo sijui nimweke upande gani.

Kisha akaja mama mmoja wa Kisomali aliyekuwa akileta watoto wake watatu Ijumaa. Nilimnyoshea yuro mbili, akazikataa. Akaniambia kwamba wanawe wamezaliwa Uholanzi, na tangu wakiwa wadogo amekuwa akiwahadithia jinsi nyanya zilivyokuwa nyumbani kwao, utotoni mwake, karibu na mto Juba. Hawakuwahi kumwamini. Aliposikia habari za bustani yangu alinunua mfuko, akawakalisha mezani, akawakatia, akawaambia: haya, onjeni, ndizo nilizokuwa nikiwaambia. Wakaonja. Wakatazamana. Yule mkubwa akamwambia kwa upole, ili asimwudhi, kwamba ni nzuri, mama.

"Sasa wanaona nilikuwa nazidisha chumvi," alisema. Hakusema kwa hasira. Alinishukuru kwa kusema ukweli, akawachukua watoto wake wakaenda kupanda basi.

Mwaka wa pili nilipanda mapema, aina ya nyanya inayoiva haraka, na tukajenga paa la nailoni ili mvua isifike kwenye majani. Mwezi wa Julai niliweka pembeni sahani nzima ya zile zenye mabega ya kijani kwa ajili ya familia ile. Nikaambiwa wamehamia mji mwingine tangu masika, karibu na ndugu zao, na hakuna aliyekuwa na namba yao. Nilikula mwenyewe zile nyanya. Zilikuwa tamu sana.

Vuli ya mwaka ule meza iliwekwa tena. Nilikuwa na ndoo moja tu ya zile za kitandani, nikaandika karatasi kwa mkono wangu mwenyewe: Zimechumwa mbichi, zimeivia ndani ya boksi, zinafaa kupikwa, senti 50. Zilinunuliwa zote kasoro mfuko mmoja. Haji aliusoma mwandiko wangu mara mbili, akauliza kama ninazo ambazo hazijageuka rangi bado, akachukua hizo.

Nimerudi Bujumbura sasa. Juzi mama alinituma sokoni. Nikafika kwa dada mmoja aliyepanga nyanya zake kwa mafungu, zile nzuri juu, zimepanguswa zinang'aa. Bila kufikiri mkono wangu ukaingia chini ya fungu, nikatoa moja laini iliyopasuka. Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Wewe kaka," akasema, "hiyo ya chini nilikuwa nakuwekea ya mchuzi. Ungeuliza."

Nikauliza. Akanionyesha fungu zima, moja moja, na mbili mbovu akazitoa mwenyewe akaongeza tatu. Nikalipa.